Moto Ndani ya Jino



Msomaji wetu mmoja anayeishi kijijini mkoani Morogoro ameniandikia hivi: "Mwanangu wa kiume ana miaka 8. Gego lake la chini lina tundu na usiku analia. Mama mkwe wangu anasema nilichome kwa sindano ya moto, maumivu yatakwisha palepale, maana yeye alifanyiwa hivyo na hajaumwa tena. Wifi yangu aliyeko Dar es Salaam anasema kuna mahali wanatibu kwa leza, mtoto hasikii hata ile mashine inayolia. Lakini bei yake itatubidi tuuze mbuzi wote wawili. Je, nifanye nini?"

Sikusubiri gazeti lichapwe ndipo nimjibu, kwa maana mtoto anayelia usiku hangoji toleo lijalo. Nilimpigia simu siku ileile, na niliyomwambia nitayaeleza huko mbele. Hata hivyo barua yake ilinikaa moyoni kwa sababu nyingine. Mama mkwe na wifi wanaonekana kama wanabishana, mmoja na mambo ya zamani, mwingine na mambo ya kisasa. Kumbe wote wawili wanasema jambo moja: jino litibiwe kwa moto. Leza nayo ni moto, ila ni moto unaotokana na mwanga. Kwa hiyo mwezi huu hebu tuangalie joto hufanya nini ndani ya jino, ili mama akiambiwa "sindano" au "leza" ajue kinachotendeka mle ndani.

Jino si jiwe

Wengi wetu tumezoea kuliona jino kama kijiwe kilichopandwa kwenye ufizi. Kwa nje ni kweli linafanana na jiwe. Lile gamba jeupe linaloitwa enameli ndicho kitu kigumu kuliko vyote mwilini. Ukipima uzito wake, karibu sehemu 96 kati ya 100 ni madini, hasa ya kalsiamu na fosfati, na kinachobaki ni maji na protini kidogo sana. Enameli haina damu wala mishipa ya fahamu. Ikimeguka haioti tena.

Chini ya enameli kuna dentini, yenye rangi ya manjano kidogo. Hii ni laini zaidi. Sehemu kama 70 kati ya 100 ni madini, 20 hivi ni protini, hasa nyuzi za kolajeni, na 10 ni maji. Tena dentini imejaa vijitundu vyembamba visivyoonekana kwa macho, maelfu kwa maelfu katika eneo dogo kuliko kichwa cha njiti ya kiberiti. Vijitundu hivyo vina majimaji, na vyote vinaelekea ndani kwenye kiini cha jino. Ukinywa maji baridi na jino likakustua, ni majimaji hayo yaliyosogea kwenye dentini iliyokosa kifuniko.

Kiini chenyewe ni nyama laini yenye damu na mishipa ya fahamu. Shida yake kubwa ni kwamba kimefungiwa. Kidole kikiungua huvimba, kisha uvimbe hupungua na ngozi hupona. Kiini cha jino hakina pa kuvimbia. Kikivimba hujibana chenyewe, na damu inayopita kwenye tundu dogo lililoko nchani mwa mzizi huzuiwa. Ndiyo maana moto unaoweza kustahimiliwa na kidole unaweza kuliua jino. Kwa mtoto ni hatari zaidi, kwa sababu kiini chake ni kikubwa na dentini inayokilinda bado ni nyembamba.

Sindano ya shangazi

Yale anayoyasema mama mkwe wa dada yetu si uongo. Nimeyaona kwetu. Nilipokuwa msichana, shangazi yangu aliumwa jino siku tatu mfululizo. Jirani mmoja mzee alikuja, akaipasha sindano ya kushonea magunia kwenye makaa mpaka ikawa nyekundu, akaichomeka kwenye tundu la jino. Shangazi alipiga ukelele mmoja tu. Nakumbuka ile harufu, kama ya kwato inayoungua. Jioni ile alikula ugali kwa upande uleule, na sisi watoto tukaona yule mzee ni mganga hodari.

Miezi kama saba baadaye taya la shangazi lilivimba mpaka jicho likafumba. Alilazwa hospitali siku tisa, akang'olewa lile jino pamoja na jirani yake.

Sasa naelewa kilichotokea. Sindano haikuponya kitu. Iliua mishipa ya fahamu, basi jino likanyamaza. Kilichokufa kikabaki mle ndani kikioza polepole, na vijidudu vikapata njia ya kushukia mfupani. Akina mama, jino lililouma sana kisha likanyamaza lenyewe bila matibabu halijapona. Mara nyingi limekufa.

Je, ni joto kiasi gani linaloua? Mwaka 1965 watafiti wawili, Leo Zach na Gerson Cohen, walipasha joto meno ya kima kutoka nje na kupima joto la ndani. Kiini kilipopanda kwa nyuzi joto 5.5 tu za Selsiasi, viini 15 kati ya 100 havikupona. Kilipopanda kwa nyuzi 11 hivi, viini 60 kati ya 100 vilikufa. Kilipopanda kwa zaidi ya 16, karibu vyote vilikufa. Baadaye wengine walipima meno ya watu na kuona kwamba huenda jino la binadamu linavumilia zaidi kidogo, lakini madaktari wa meno wameendelea kushika kipimo kile cha 5.5, na mimi naona wanafanya vema. Fikiria basi sindano iliyo nyekundu kwa moto!

Msiogope chai, lakini. Kikombe cha moto hupoozwa na mate, kinapita upesi, na enameli pamoja na dentini hupitisha joto polepole. Chai itaunguza ulimi kabla ya kuua jino zima lisilo na tundu.

Mwanga unaochoma

Leza ni mashine inayotoa mwanga wa aina moja tu, unaokwenda kwa mwali mwembamba na wenye nguvu nyingi mahali pamoja. Labda wakati wa utoto uliwahi kuchoma karatasi kwa kioo cha kukuzia juani. Basi una picha ya kukusaidia, ingawa leza ina nguvu kuliko hiyo. Leza ya kwanza iliwashwa na Theodore Maiman huko California, Marekani, mwezi Mei 1960, nayo ilitumia kito cha rubi.

Haikupita miaka mingi watu wakaanza kuuelekeza mwali ule kwenye meno. Mwaka 1964 Ralph Stern na Reidar Sognnaes wa chuo kikuu kimoja cha California walieleza jinsi rubi ilivyoyeyusha enameli ikawa kama kioo. Mwaka uliofuata daktari wa ngozi, Leon Goldman, alilipiga kwa leza jino la ndugu yake mwenyewe, ambaye alikuwa daktari wa meno. Ndugu huyo alisema hakusikia maumivu. Watu wakafurahi: kumbe meno yataweza kutibiwa bila uchungu!

Furaha hiyo haikudumu. Wanyama waliopigwa leza ya rubi yenye nguvu walipopasuliwa meno yao, ndani kiini kilionekana kimeungua. Mwanga wa rubi haukuishia juu. Uliipita enameli na kupeleka joto kulekule kusikotakiwa. Kwa hiyo mgonjwa kutosikia maumivu si ushahidi kwamba jino li salama, na hapo leza ya kwanza na sindano ya shangazi zilikuwa ndugu.

Kila mama aliyewahi kusahau chungu kitupu motoni anajua kinachofuata: maji yaliyo ndani ya udongo hukauka, chungu hupasuka. Enameli nayo ni hivyo. Joto likipita nyuzi 100, maji yake hutoka na nyufa ndogo huanza. Likiendelea kupanda, ile protini kidogo huungua na kuacha rangi ya kahawia au nyeusi. Likifika zaidi ya nyuzi 1,100, madini yenyewe huanza kuyeyuka na kuganda upya kwa umbo jingine. Dentini huharibika mapema zaidi kwa ajili ya kolajeni. Nani hajapika supu ya kongoro akaiona imeganda ilipopoa? Ile ni kolajeni iliyopikwa ikawa ulenda. Kolajeni ya dentini ikipikwa namna hiyo, hata dawa ya kuzibia jino hushindwa kushika vizuri.

Katikati ya uharibifu huo palionekana jambo la kushangaza. Enameli iliyopashwa kwa kipimo, isipasuke wala isiyeyuke, ilikuwa ngumu zaidi kuliwa na asidi. Sababu ni kwamba madini ya jino yana kaboneti iliyochanganyika ndani yake, nayo ndiyo inayoyafanya yayeyuke upesi kwenye asidi. Joto la nyuzi mia kadhaa huifukuza kaboneti hiyo. Watafiti wa Marekani na kwingineko wametumia leza za kabonidayoksaidi kwa kazi hii, kwa kuwa mwanga wake humezwa na madini ya jino palepale juu, kwa muda mfupi mno, kabla joto halijapata nafasi ya kushuka. Ni jambo zuri. Lakini kwa mama mwenye watoto wanne, dawa ya meno yenye floraidi inafanya kazi inayofanana na hiyo kwa bei ya mkate.

Bisi

Leza inayotumika leo kuondoa sehemu mbovu ya jino ilipatikana kwa njia nyingine. Mwaka 1989 Wajerumani Raimund Hibst na Ulrich Keller walichapisha kazi yao juu ya leza ya erbiamu, na mwaka 1997 mamlaka ya Marekani inayosimamia chakula na dawa iliiruhusu kwa kukata jino. Mwanga wake hauonekani kwa macho, na una tabia moja: hupenda maji kuliko kitu kingine chochote. Ukikutana nayo humezwa mara moja.

Mmewahi kukaanga bisi? Punje ya mahindi ina maji kidogo ndani. Joto likiyafikia, yanageuka mvuke, mvuke unakosa pa kwenda, na punje inapasuka kwa kishindo. Ndivyo leza ya erbiamu inavyokata jino. Maji machache yaliyoko ndani ya enameli na dentini hugeuka mvuke ghafla na kurusha chembe ndogo za madini, pa! pa! pa! Mgonjwa husikia milio kama ya bisi. Kwa kuwa vipande vinarushwa nje kabla ya joto kusambaa, sehemu kubwa ya joto hutoka navyo. Tena dentini iliyooza ina maji mengi kuliko iliyo nzima, kwa hiyo huondoka kwa urahisi zaidi.

Lakini sharti moja halina mjadala: wakati wote mashine lazima inyunyize maji. Maji yakikatika, jino hukauka, mwanga hukosa cha kulipua, na joto hubaki. Hapo dentini huungua ikawa nyeusi, hupata nyufa, na kiini huwa hatarini. Hata ile mashine ya kawaida inayolia, ambayo huzunguka mara laki tatu au zaidi kwa dakika, hunyunyiza maji kwa sababu hiyohiyo. Ukiona mtu anakereza jino la mwanao kavukavu kwa muda mrefu, una haki ya kuuliza.

Basi je, leza ni bora? Mwaka 2016 wataalamu wa shirika la Cochrane walikusanya majaribio 9 yaliyohusisha watu 662, wakalinganisha leza na mashine ya kawaida. Katika kuondoa uozo hawakuona tofauti ya kutegemewa. Waliotibiwa kwa leza walielekea kuumia kidogo kuliko wenzao, na wachache walihitaji ganzi, ila kazi ilichukua muda mrefu. Nao wenyewe walisema majaribio hayo hayakuwa na nguvu ya kutosha. Kwa mtoto anayetetemeka akisikia mlio wa mashine, nafuu hiyo si kitu kidogo. Ila leza haifai kuondoa kizibo cha madini ya fedha, na wote waliomo chumbani wakati wa kazi lazima wavae miwani maalumu. Akina mama wajawazito huuliza kama leza ni sawa na eksirei. La hasha, huu ni mwanga na joto. Haupiti mwilini kama eksirei.

Niseme na hili, maana wasichana wanaokaribia kuolewa wananiuliza kila mara. Zile taa za buluu za kung'arisha meno saluni, zinazotangazwa kama leza, mara nyingi si leza hata kidogo. Kinachong'arisha ni dawa ya peroksaidi, na taa huongeza joto zaidi ya kuongeza weupe. Wenzetu wa Arusha na sehemu za Kilimanjaro, ambao meno yao yamekuwa kahawia kwa floraidi nyingi iliyoko kwenye maji, ndio wanaoshawishiwa zaidi. Binti mwenye madoa hayo na aende kwa daktari wa meno kwanza, harusi isubiri wiki mbili.

Nilichomjibu dada wa Morogoro

Kwanza nilimwuliza gego hilo liko wapi. Akasema ni la mwisho kabisa kwa nyuma, na kwamba hana wasiwasi sana kwa sababu "ni la utoto, litang'oka." Hapo nilishtuka. Gego la kwanza la kudumu huota mtoto akiwa na miaka 6 hivi, nyuma ya magego ya utoto, bila jino lolote kung'oka kulipisha. Akina mama wengi hawajui kwamba limeota. Mtoto wa miaka 8 akilipoteza hilo, hana jingine.

Kisha nikamwuliza linauma namna gani. Likistuka kwa kitu baridi au kitamu na kutulia baada ya sekunde chache, kuna tumaini kubwa kwamba kiini kiko hai. Likiumwa kwa kitu cha moto na maumivu yakabaki muda mrefu, au likimwamsha usiku bila kuguswa, kiini kimeanza kushindwa. Na uso ukivimba, mtoto akawa na homa au akashindwa kumeza, hakuna kungoja asubuhi. Mwanawe alikuwa na dalili za aina zote mbili, akilia zaidi usiku anapolala bila kupiga mswaki na mabaki ya chakula yamejaa tunduni. Kwa simu sikuweza kusema zaidi ya hapo.

Nikamwambia: sindano, hapana, hata mama mkwe akikasirika. Mbuzi wako, waache malishoni. Mpeleke mtoto kesho hospitali ya wilaya, uulize kama wanaziba kwa vifaa vya mkono. Si wengi wanaojua kwamba njia hiyo ilianzia hapahapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, na kwamba Shirika la Afya Duniani liliitangaza siku ya afya duniani, tarehe 7 Aprili 1994. Daktari hafungui umeme. Anachokoa dentini iliyolainika kwa kijiko kidogo cha chuma, kisha anaziba kwa saruji maalumu ya meno iliyotengenezwa kwa unga wa kioo na asidi, ambayo hushikamana na jino na kutoa floraidi kidogo kidogo. Hakuna mlio na hakuna joto la kukereza. Mara nyingi hata ganzi haihitajiki. Njia hii hufaa zaidi tundu likiwa dogo la upande mmoja, wala haifai kabisa kiini kikiwa kimekufa.

Alinipigia baada ya siku nne. Tundu lilikuwa limekaribia kiini lakini halijakifikia. Mtoto alikaa kwenye kiti kama nusu saa, akalia mara moja tu pale kijiko kilipogusa chini. Wamemwambia amrudishe baada ya mwezi waangalie kama jino litakubali. Usiku huo alilala mpaka asubuhi.

Kabla hatujaagana alicheka akasema, "Mama mkwe alitusindikiza. Tulipomaliza akamwambia daktari, na mimi nitazamie langu, lile lililochomwa. Amekuta usaha chini yake. Wiki ijayo anang'olewa."